Kromi Moja, Rangi Mbili

Hadithi njoo, uongo usije. Leo, wajukuu zangu, kisa ni cha jiwe, na kila nitakachowaambia mtu anaweza kukipima maabara. Atakayeachwa njiani aseme, tumsubiri.

Ukitoka Arusha kwenda mpakani Namanga unapita Longido. Katika wilaya hiyo, eneo la Mundarara, tangu miaka ya 1950 watu wanachimba jiwe la kijani lenye rubi nyekundu ndani yake. Ule ukijani ni madini yanayoitwa zoisaiti, na hapa na pale kuna mabaka meusi ya madini mengine. Wachongaji wengi hawahangaiki kuitoa rubi. Hulichonga jiwe zima likawa tembo au bakuli, rangi zote zikabaki pamoja. Mkipata bahati ya kulishika, lisogezeni dirishani mlitazame vizuri.

Sasa, nini kimeitia rubi wekundu ule? Kromi. Na nini kimeitia zoisaiti ukijani? Kromi. Metali ileile, chaji ileile, elektroni zilezile kwa idadi. Mtu akiniambia kwamba kila metali ina rangi yake, kwamba shaba ni bluu na kromi ni nyekundu basi yamekwisha, namwekea mezani jiwe la Longido halafu nasubiri aendelee.

Ili tulielewe jiwe hili itabidi tuingie ndani ya atomu. Twendeni polepole.

Atomu ya kromi ina elektroni 24. Kati ya hizo, 18 ziko ndani, zimekamilisha matabaka yao, na hazijishughulishi na mambo ya majirani. Zinazobaki ni sita. Hizo za nje ndizo zenye pilikapilika zote: ndizo zinazotolewa, zinazoshirikishwa, zinazofunga ndoa za kikemia. Huitwa elektroni za valensi. Kila elektroni ina makao yake, na makao hayo huitwa orbitali. Msiichore kichwani kuwa ni barabara ya mviringo inayozunguka kiini, ingawa vitabu vya madarasa ya chini huichora hivyo. Orbitali ni eneo lenye umbo na mwelekeo wake, ambamo kuna uwezekano mkubwa wa kuikuta elektroni. Na eneo moja halipokei zaidi ya elektroni mbili, tena lazima mizunguko yao ipingane. Kanuni hiyo aliitoa Wolfgang Pauli mwaka 1925.

Metali za mpito, kromi ikiwemo, kuanzia skandi ambayo ni elementi ya 21, zina orbitali tano za pekee zinazoitwa 3d, na jirani yao mmoja anayeitwa 4s. Katika kujaza, 4s hutangulia: potasiamu huweka elektroni moja humo, kalisi huweka mbili, halafu skandi ndiyo hufungua mlango wa 3d. Ukifuata utaratibu huo ungetegemea kromi iwe na nne kwenye 3d na mbili kwenye 4s. Kumbe ina tano na moja! Kila orbitali ya 3d imepata elektroni yake, zote zikizunguka upande mmoja, na mpangilio huo una nafuu ya nishati kuliko ule tuliotarajia. Shaba nayo hufanya ujanja wa namna hiyo: kumi kwenye 3d na moja kwenye 4s, badala ya tisa na mbili. Wengine wote katika safu ya kwanza ya metali za mpito hufuata utaratibu.

Sasa leteni bao. Lina mashimo 32, lakini leo nataka matano tu, yaliyofuatana. Hayo ndiyo orbitali zetu za 3d, na kete ndizo elektroni. Sheria ya kwanza mmeshaisikia kwa Pauli: shimo moja, kete mbili, basi. Sheria ya pili ilitoka kwa Friedrich Hund, naye alikuwa akifanya kazi hiyo miaka ileile ya 1925: kama mashimo yana kimo kimoja, gawa kete mojamoja kwanza, usirudie shimo lenye kete kabla yote hayajapata. Sababu ni kwamba elektroni zote zina chaji hasi na husukumana. Kuziweka mbili mahali pamoja kuna gharama, na maumbile hayalipi gharama yanayoweza kuikwepa.

Ndani ya jiwe letu kromi haikai na elektroni zake zote sita za nje. Imepoteza tatu, imekuwa ioni yenye chaji tatu chanya. Hapa ndipo wanafunzi wengi wa kidato cha tano hugoma. Kama 4s ilijazwa kwanza, kwa nini nayo inamwagwa kwanza? Jibu ni kwamba mambo yamebadilika tangu ilipojazwa. Kiini cha kromi kina protoni nyingi kuliko cha kalisi, kimezivuta orbitali za 3d ndani zaidi, na elektroni ya 4s imebaki nje, mbali kuliko wenzake. Kinachong'olewa ni kile kilicho mbali na kiini. Kwa hiyo inatoka ile moja ya 4s, zinafuata mbili za 3d, na zinabaki tatu. Kete tatu, mashimo matano. Kama ioni hiyo ingekuwa peke yake angani, mashimo yote yangekuwa na kimo kimoja na hadithi ingeishia hapo, bila rangi.

Lakini haiko peke yake. Katika rubi, kama ilivyo katika zoisaiti, kromi imekalia kiti cha alumini, na kila kiti hicho kimezungukwa na oksijeni sita. Habari ya majirani sita ilianza zamani kidogo, mwaka 1893, wakati kijana wa miaka 26 aitwaye Alfred Werner alipotangaza kwamba metali nyingi hujizungushia majirani kwa idadi maalumu na kwa umbo maalumu, na kwamba mara nyingi idadi hiyo ni sita. Wakubwa wa kemia walibishana naye kwa miaka. Mwaka 1913 alipewa Tuzo ya Nobel, mabishano yakapungua.

Simameni kidogo. Kila mmoja wenu ajifanye ioni ya kromi. Oksijeni ya kwanza iko juu ya utosi wako, ya pili chini ya nyayo. Ya tatu mbele, ya nne nyuma, ya tano kulia, ya sita kushoto. Nyosha mkono wa kulia moja kwa moja ubavuni: unaelekea kwenye oksijeni. Sasa usogeze mkono huo mpaka uwe katikati ya mbele na kulia: unapita kwenye uwazi, hamna mtu. Orbitali tano za 3d nazo ndivyo zilivyo. Mbili zimeelekeza maeneo yao kwenye oksijeni zenyewe. Tatu zimeyaelekeza kwenye nafasi zilizo kati ya oksijeni. Oksijeni zina elektroni zao, kwa hiyo elektroni ya kromi ikikaa kwenye mojawapo ya zile mbili, inatazamana uso kwa uso na hasi mwenzake na inasukumwa. Ikikaa kwenye zile tatu, inapata ahueni.

Kwa hiyo bao letu halikai sawa tena. Mashimo mawili yameinuka, matatu yameshuka. Aliyelifikisha jambo hili kwenye hesabu ni Hans Bethe, Mjerumani, mwaka 1929, akiwa na umri wa miaka 23 tu. Dunia inamkumbuka zaidi kwa kueleza nyota zinavyowaka, lakini mimi nikiulizwa nitasema kazi yake ya fuwele ndiyo inayogusa vitu tunavyoshika kwa mikono. Bethe aliwaona majirani kuwa ni vidoa vya chaji tu. Leo tunajua kuna zaidi ya hapo, kwamba orbitali za metali na za majirani huchanganyika, lakini picha ya mbili juu na tatu chini haijaondoka.

Wekeni kete zenu tatu. Ziende wapi? Mashimo matatu ya chini, mojamoja. Hakuna mjadala, na ndiyo sababu kromi hupenda sana kukaa namna hii. Yale mawili ya juu yamebaki wazi, yakisubiri.

Hapo ndipo mwanga unapoingia. Mwanga wa jua una rangi zote, na kila rangi hubeba kipimo chake cha nishati: nyekundu kidogo, kijani zaidi, zambarau nyingi. Ukipita ndani ya rubi, ile rangi ambayo nishati yake inatosha kuipandisha elektroni kutoka shimo la chini hadi la juu humezwa. Nyingine hupita. Pengo hilo katika rubi ni kama elektroni-volti 2.2, na hiyo ni nishati ya mwanga wa kijani na wa manjano. Na kwa kuwa kete ni tatu na bado zinasukumana zenyewe kwa zenyewe, kuna njia ya pili ya kupanda iliyo ghali zaidi, nayo humeza zambarau. Kijani kimekwenda, manjano imekwenda, zambarau imekwenda. Nyekundu inapita na kuingia jichoni mwako, pamoja na bluu kidogo inayowapa wauzaji wa vito maneno mengi.

Na upande wa zoisaiti? Oksijeni zake nazo ni sita, lakini hazijakaa vilevile, tena zimeshikana na silikoni upande wa pili. Msukumo wao kwa elektroni za kromi ni dhaifu kidogo. Mashimo mawili hayakuinuka sana. Pengo likipungua, kinachomezwa hakiwi tena kijani. Ni rangi zenye nishati ndogo kuliko hiyo, upande wa machungwa na nyekundu. Zambarau nayo humezwa. Katikati panabaki kijani, kinapita. Zumaridi, ambayo nayo hupata rangi yake kwa kromi, ni vivyo hivyo: pengo lake ni kama 2.0. Angalieni tofauti hiyo, 2.2 na 2.0. Sehemu ndogo namna hiyo ndiyo inayotenganisha rubi na zumaridi, na kwa sonara hizo ni biashara mbili.

Kuna anayetaka ushahidi? Safi, mimi ningetaka pia. Rubi ikichomwa kwenye tanuri mpaka iwe moto sana, oksijeni hujisogeza mbali kidogo kwa sababu vitu hutanuka kwa joto. Zikijisogeza, msukumo unapungua, na pengo linapungua. Kwa hesabu yetu, rubi ya moto inapaswa kuelekea kijani. Nayo huelekea kijani kweli. Ikipoa, wekundu hurudi. Hakuna kilichoingia wala kilichotoka ndani ya jiwe. Majirani wamesogea na kurudi, basi.

Nikiwa bado kwa rubi, niwape na hili haraka. Elektroni iliyopanda hushuka, na katika rubi, mwishoni mwa kushuka kwake, hutoa mwanga mwekundu wake yenyewe wenye urefu wa wimbi wa nanomita 694. Mwaka 1960 Theodore Maiman alitumia rubi iliyotengenezwa kiwandani kupata leza ya kwanza duniani kwa mwanga huo.

Tuondoke kwenye vito, maana si kila nyumba ina rubi. Mrututu mnaujua? Ni salfeti ya shaba, yale mawe ya bluu yanayouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Wakulima wa kahawa wametumia dawa za shaba miaka mingi dhidi ya kutu ya majani na chulebuni. Ni sumu, kwa hiyo ninachoeleza hapa kifanyike mbele ya mwalimu, si jikoni kwa mama. Chukua chembe chache za mrututu, zisage, ziweke kwenye neli ya kioo, uipashe moto taratibu. Mvuke unatoka na kuganda matone karibu na mdomo wa neli. Bluu inafifia kuanzia chini, inapanda, na baada ya dakika chache una unga mweupe wenye ukijivu. Acha upoe kabisa. Dondosha tone moja la maji. Bluu inarudi palepale, na ukigusa neli kwa nje utahisi joto limeongezeka.

Ioni ya shaba ina elektroni tisa kwenye 3d. Kete tisa, mashimo matano: manne yamejaa, moja lina kete moja, na nafasi hiyo moja iliyo wazi ndiyo inayoruhusu elektroni ya chini kupanda. Kwenye mrututu wa bluu kila shaba imezungukwa na molekuli nne za maji, na oksijeni mbili za salfeti zimekaa mbali kidogo. Kupanda humeza nyekundu, jicho likabaki na bluu. Ukiyafukuza maji, majirani wote wanakuwa oksijeni za salfeti, ambazo husukuma kwa nguvu ndogo kuliko maji. Pengo hushuka mpaka kinachomezwa ni mwanga ule usioonekana ulio chini ya nyekundu. Jicho halioni hasara yoyote, linaita nyeupe. Ukienda upande wa pili, ukamimina amonia ya kutosha kwenye maji ya mrututu, unapata bluu nzito iliyokaribia zambarau, kwani amonia husukuma kuliko maji. Mjapani Ryutaro Tsuchida aliwapanga majirani kwa mtindo huo mwaka 1938, kuanzia wapole mpaka wakali, na mpango wake bado unatumika.

Zinki iko hatua moja tu mbele ya shaba. Ioni yake ina kete kumi: kila shimo limejaa, hakuna pa kupandia. Salfeti ya zinki ni nyeupe, na utaipasha na kuilowesha mpaka uchoke. Mwanzoni mwa safu kuna titani ya kwenye rangi nyeupe ya ukutani, ambayo 3d yake haina kete hata moja. Hakuna wa kupanda.

Sasa kisa chenye mvutano. Ioni ya chuma iliyo ndani ya damu yenu, ile yenye chaji mbili chanya, ina elektroni sita. Gaweni. Tatu za kwanza zinakaa chini, mojamoja. Ya nne inafikia njia panda: ipande juu na kulipa gharama ya pengo, au ibaki chini, ikae na mwenzake na kulipa gharama ya kusukumana? Kama pengo ni dogo, kupanda ni rahisi, na mwishowe kunakuwa na elektroni nne zisizo na wenza. Kama pengo ni kubwa, zote sita zinabanana chini, jozi tatu, na hakuna hata moja iliyo peke yake. Elektroni isiyo na mwenza huvutwa na sumaku; jozi hazivutwi.

Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell waliipima damu kwa sumaku. Damu isiyo na oksijeni ilivutwa, kwa nguvu inayolingana na elektroni nne zisizo na wenza kwa kila chuma. Damu yenye oksijeni haikuvutwa. Ilisukumwa kidogo sana. Molekuli moja ya oksijeni imeshika chuma, na elektroni zote zimepanga upya makao. (Wekundu wa damu ni jambo lingine, sehemu kubwa hutokana na pete ya kaboni na nitrojeni inayokishika chuma hicho, siyo na kete kupanda.) Leo mashine za MRI hutumia tofauti hiyohiyo ya kisumaku kuonyesha ni sehemu gani ya ubongo inafanya kazi unapofikiri, kwa sababu damu yenye oksijeni hukimbilia huko.

Namwona mmoja pale nyuma amenyoosha mkono, na najua anachotaka kusema. Pamanganeti! Manganizi ya humo imepoteza elektroni zote saba za nje, 3d yake ni tupu, mbona zambarau yake inatia doa mpaka vidole? Umeuliza vizuri. Hapo elektroni inayoruka si ya manganizi. Inatoka kwa oksijeni jirani na kuingia kwenye mashimo matupu ya manganizi. Mruko wa namna hiyo humeza mwanga kwa nguvu kubwa mno kuliko ule wa shimo kwa shimo, ndiyo maana punje moja hupaka ndoo nzima.

Na ukiidondosha pamanganeti hiyo kwenye chumvi ya chuma yenye asidi, kama mnavyofanya kwenye vipimo vya maabara, zambarau inatoweka tone kwa tone. Manganizi imepokea elektroni tano na imebaki na chaji mbili chanya. Kete tano, mashimo matano, majirani ni maji ambayo hayasukumi sana: moja kila shimo, zote zikizunguka upande mmoja. Ili mojawapo ipande, lazima iingie kwenye shimo lenye mwenzake, na kanuni ya Pauli hairuhusu mpaka ibadilishe mzunguko wake kwanza. Mwanga peke yake ni hodari wa kupandisha elektroni, lakini kuigeuza mzunguko hufaulu mara chache sana. Kwa hiyo karibu rangi zote zinapita bila kuguswa, na chumvi ya manganizi inabaki na waridi hafifu ambao kwenye chupa huwezi kuuona mpaka uweke karatasi nyeupe nyuma yake.